Rufaa ya Mkono wa Kulia

Vijana mliochukua viti vyetu, mmeniomba niandike namna rufaa za askari wastaafu zinavyoamuliwa. Mngemwomba mwanasheria. Mimi ni mtu wa darasa la saba mwenye cheti kimoja cha upigaji chapa, nacho mchwa wamekila upande wenye jina langu. Lakini nilikaa na majalada ya wazee hao hapa Mafia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila jioni niliandika kwenye daftari yale niliyoyaona. Nimelifungua sasa. Mengine siyaamini mwenyewe, ingawa mwandiko ni wangu.

Kwanza mjue safari yenyewe. Askari aliyeumia kazini anaomba fidia ya ulemavu. Jopo la kwanza, watu watatu, linasoma maombi yake na fomu ya daktari. Likimkatalia anaandikiwa barua, na barua hiyo inamwambia ana siku ngapi za kukata rufaa. Akikata, jambo linakwenda kwa Kamati, watu wengine watatu ambao hawakuwemo mwanzo. Kamati inajiuliza maswali matatu tu. Jeraha lipo? Lilipatikana kazini? Limempunguzia nini? Na ipo kanuni moja ambayo ningewachora mikononi kwa hina kama mngekubali: ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka inamwendea askari.

Kazi ya karani ni jalada. Lifungeni kwa uzi, msilifunge kwa pini. Pini za hapa kisiwani hushika kutu kabla wino haujakauka, na nimeona fomu ya daktari iliyotobolewa na kutu pale pale palipoandikwa mguu upi. Kamati nzima ilimtazama mzee wa watu miguu yote miwili mpaka akaona haya. Kila ukurasa upewe namba. Ukurasa usio na namba siku ya rufaa huwa kama haukuzaliwa.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Selemani, karani mkuu wa wakati huo, mtu mkavu kama samaki ng'onda. Alikuwa na neno lake moja: "Andika ulichokiona, usiandike ulichokidhani." Nililishika neno hilo kama sura ya Kurani, na ndilo lililonitia aibuni, kama mtakavyosoma. Simlaumu Bwana Selemani. Neno lilikuwa zuri. Macho ndiyo yalikuwa yangu.

Kabla ya aibu yangu, niwape ya mwingine, nisionekane najipendelea kwa ubaya.

Alikuja mzee mmoja kutoka vijiji vya kaskazini akidai mizinga imemuua masikio yote mawili. Mwanawe ndiye aliyemjibia kila swali. Daktari wa Kamati ya siku hiyo alikuwa kijana, mwepesi wa akili, akazunguka nyuma ya kiti cha mzee, akainamia sikio moja, akanong'ona, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu mzee.

Mzee akamgeukia mwanawe. "Nimesema nini?"

Nilicheka. Sikucheka sana, lakini nilicheka, na Bwana Selemani akanikanyaga kidole cha mguu. Daktari alikwisha kufunika kalamu yake, kwake shauri limekwisha. Mwenyekiti wa wakati ule akamwambia, "Hamia upande wa pili, daktari, ulizibe sikio hili, uamkie tena." Akahamia. Akanong'ona. Hakuna kitu. Akasema kwa sauti ya kawaida. Hakuna kitu. Akapiga ukelele wa shikamoo mpaka mbuzi waliokuwa nje wakatawanyika, na mzee amekaa anatazama dari. Kumbe sikio moja lilikuwa limekufa kweli, na jingine zima. Alipewa haki ya sikio moja. Alitoka akinung'unika, "Ningejua ningegeuka."

Hapo nilijifunza kwamba mtu anaweza kutia chumvi kwenye jambo la kweli. Ukiiona chumvi usimwage mchuzi wote. Niliandika hivyo kwenye daftari nikajiona nimekomaa. Nilikuwa sijakomaa.

Sasa Mzee Hatibu.

Mzee Hatibu ni mtu wa kisiwa cha Juani. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi na kipande cha chuma kwenye kigasha cha mkono wa kulia. Miaka mingi hakudai kitu. Alisema wapo wenziwe ambao hawakurudi hata na mkono mmoja. Lakini vidole vikaanza kukakamaa kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukawa kama kasia: unakwenda na kurudi, haushiki. Uzeeni akakubali kujaza fomu.

Mjue pia yeye ni nani kwao. Pale Juani, watu wakigombania mnazi, huitwa Mzee Hatibu aseme ulipandwa na nani. Akisema, yamekwisha, hakuna wa kumwapisha.

Jalada lake lilifika mezani kwangu siku chache baada ya harusi ya mpwa wangu, kule Utende. Bibi harusi alikuwa jamaa yake Mzee Hatibu, kwa hiyo naye alivuka akaja. Mnajua desturi yetu: wanaume huketi wanne au watano kwa sinia moja la pilau, kila mtu anakula upande wake, kwa mkono wa kulia, na nyama iliyo katikati hugawiwa na aliye mkubwa kuliko wote. Mimi nilikaa sinia moja naye, tumeelekeana. Nikamwona kwa macho yangu mkono wake wa kulia unashuka kwenye wali, unapanda mdomoni, unashuka, unapanda.

Nilipofungua jalada na kusoma kwamba mkono huo hauwezi kushika kitu, dhamiri ikanisuta. Nikajiambia, nikinyamaza kwa sababu ni mzee wa heshima na nimekula naye, nitakuwa nimewadhulumu wengine wote ambao sikula nao. Nikakumbuka neno la Bwana Selemani. Nikaandika kumbukumbu, nikaipa namba, ukurasa wa kumi na nne: "Nilimwona mwombaji akila pilau kwa mkono wa kulia, bila kusaidiwa, mpaka mwisho."

Jopo la kwanza wakaisoma. Siwalaumu, walihukumu kwa nilichowapa. Wakamwandikia barua, wakiunukuu ukurasa wa kumi na nne, kwamba maombi yamekataliwa kwa kuwa "ametoa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu mkono wake." Barua ikavuka Juani. Haukupita muda, watu wawili wakagombania mnazi, mmoja akataka aitwe Mzee Hatibu, mwenzake akasema, "Huyo si ndiye serikali imemwandikia ni mwongo?" Mzee Hatibu akaingia ndani akafunga mlango.

Aliyekuja ofisini Kilindoni alikuwa mkewe, Bi Tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Ukurasa wa kumi na nne ni wako?"

"Ni wangu, bibi."

"Umeandika mume wangu alikula mpaka mwisho."

"Nilimwona."

"Ulimwona anakula, au uliona mkono unapanda na kushuka?"

Nikajifanya napekua jalada.

"Wewe ulikula?" akauliza.

"Nilikula."

"Ulishiba?"

"Sana, alhamdulillahi."

"Shibe ya nani hiyo, karani?" Akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Mume wangu alirudi kutoka harusini nikamkorogea uji akanywa sufuria nzima. Mtu katoka kwenye pilau! Hebu niambie, nyie wenye ofisi, umeona wapi hiyo?"

"Basi, bibi, uje uyaseme haya mbele ya Kamati."

"Sisemi. Na wewe sikukwambia. Huyo bwana hawezi kutia tonge kinywani. Nyumbani namlisha mimi, mlango umefungwa. Kwa watu hawezi kula kwa kushoto, ataonekana hana adabu, kwa hiyo anapeleka mkono mtupu na kutafuna hewa. Ameniapiza nikimtoa siri hii atahamia kwa dada yake." Akashusha pumzi. "Na dada yake hajui kupika."

Nilimwandikia notisi ya rufaa palepale, akaipeleka kwa mumewe ikatiwa dole gumba. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja tu: "Je, niliona?"

Hapa nawaambia kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Nilipaswa kumwandikia Mwenyekiti siku ileile kwamba karani wa shauri hili ni shahidi wa shauri hili. Sikuandika. Niliogopa. Nilipanga jalada vizuri mno, nikalifunga uzi mpya, kama mtu anayepaka rangi nyumba yenye ufa. Nyie msifanye hivyo.

Siku ya kusikiliza, Kamati ilivuka kwenda Juani kwa sababu mzee alisema hatoki nje ya kisiwa chake akiitwa mwongo. Walikuwa watatu: Mama Mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria wa bara mwenye miwani ya kamba; Daktari, mtu mzima safari hii; na Meja mstaafu mwenye masharubu. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama mbali, wakashuka na kutembea kwenye tope la mikoko, Mama Mwenyekiti kashika viatu mkono mmoja na sheria mkono wa pili. Tuliketi darasani, kwenye madawati ya watoto wa la kwanza, magoti ya Meja yakiwa karibu na masikio yake. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalikuwa na watu wa Juani, vichwa juu ya vichwa.

Daktari akamshika mzee mkono, akavuta kidole, akakunja, akachoma kwa ncha ya kalamu.

"Havikunji," akasema. "Lakini, Mheshimiwa, mtu anaweza kukaza vidole kwa makusudi. Siwezi kuapa. Na ukurasa wa kumi na nne unasema alikula."

Mama Mwenyekiti akamgeukia mwombaji. "Mzee wangu, siku ya harusi ulikula?"

"Nilikula kama watu wanavyokula."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Mimi Mwislamu, mama."

"Bila kusaidiwa?"

"Mimi si mtoto."

Bi Tatu, nyuma, alikuwa ameuma kanga yake kama anayezuia kupiga chafya. Mimi naandika: nilikula kama watu wanavyokula. Nikaona jinsi shauri linavyokwenda. Mkono wasema hapana, mwenyewe asema ndiyo, na ukurasa wa karani uko upande wa ndiyo. Hata ile kanuni ya shaka isingemwokoa, kwa sababu mizani haikulingana. Mimi ndiye niliyeilalisha upande mmoja. Na uamuzi wa Kamati ulikuwa wa mwisho, hakuna pengine pa kwenda.

Nikasimama. Dawati likasimama na mimi, lilikuwa limenibana.

"Mheshimiwa, naomba niweke kalamu chini. Ukurasa wa kumi na nne ni wangu."

Mama Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Na umekaa hapo tangu asubuhi unaandika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Haya. Shahidi haandiki ushahidi wake." Akavuta karatasi, akaanza kuandika yeye. Akaniapisha.

"Ulipoandika 'mpaka mwisho,' ulikuwa na maana gani?"

"Mpaka tulipoletewa maji ya kunawa."

"Upande wake wa sinia ulikuwaje wakati huo?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikafumba macho, nikaliona sinia. "Ulikuwa… umesimama, Mheshimiwa. Kama kilima."

"Na upande wako?"

"Ulikuwa bati."

Dirishani mtu akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko.

Meja akaingilia. "Mkubwa si ndiye anayegawa nyama? Nani aligawa?"

"Mimi, afande. Mzee Hatibu aliniambia, 'Gawa wewe, karani, macho yangu hayaoni vizuri.' Nikamwekea fungu lake mbele yake."

"Akalila?"

Jamani, kuna maswali. Nilitazama sakafu. "Halikuliwa na yeye."

"Lililiwa na nani?"

"Nilisema moyoni, isiharibike."

"Karani," akasema Mama Mwenyekiti, na kalamu yake imesimama hewani, "nataka niandike kwa ufasaha. Nyama ya mwombaji uliila wewe?"

"Niliila mimi."

Darasa likaripuka. Nje nako. Kisha kutoka dirisha la pili sauti ikaita, "Mheshimiwa, hakula yote! Mfupa ule wenye uboho nilichukua mimi!"

"Wewe nani?"

"Shomari, jirani yake. Nilikuwa sinia hilohilo. Naye karani asibebeshwe peke yake, si haki."

Akaitwa ndani, akaapishwa, akaulizwa kama alimwona Mzee Hatibu akitia chakula kinywani. Akafikiri sana. "Mimi nikila siangalii watu," akasema, "lakini mchele uliomwagika magotini mwake ungetosha kuku kumi."

Siku hizi mnasikiliza rufaa kwa video, mzee kakaa Kilindoni, Kamati iko bara. Sisemi ni vibaya. Mzee asiyeweza kupanda boti anapona na mawimbi, na Mama Mwenyekiti angepona na tope. Lakini kwenye kioo kile hakuna dirisha. Shomari angepita wapi?

Aliyekuwa hacheki ni Mzee Hatibu. Alisimama, mkono wake ukining'inia. "Mnanivua nguo mbele ya wajukuu zangu," akasema. "Futeni hiyo rufaa. Sitaki kitu."

Nilitamani tope la mikoko linimeze. Nilikuja kumtetea, na tazama.

Mama Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akavua miwani. "Mzee wangu, keti. Sitakuuliza unakulaje nyumbani kwako. Hilo ni la nyumba yako, sheria haiingii. Nina swali moja tu, nalo jibu lake liko kwako. Ile siku ya harusi, ulishiba?"

Vijana, mnajua sisi. Ukialikwa ukaulizwa umeshiba, hata kama tumbo linalia kama ngoma, jibu ni moja: nimeshiba, alhamdulillahi. Kusema kinyume ni kumtia aibu mwenye shughuli, na mwenye shughuli alikuwa dada yangu. Mzee Hatibu alinitazama mimi kwanza, kama anayeniomba radhi.

"Sikushiba," akasema. Kisha, polepole, "Sikuonja."

Hakuna aliyecheka. Daktari akauchukua mkono ule tena, safari hii akaushika kama mtu anayesalimia, akasema, "Mheshimiwa, nilichosema kuhusu kukaza vidole, nakiondoa."

Walitoka nje kushauriana kwa muda wa kunywa dafu moja, wakarudi. Uamuzi ukasomwa: jeraha lipo, lilipatikana kazini, limempunguzia mkono wote, rufaa imekubaliwa. Na maneno ya barua ya kwanza, kwamba alisema yasiyo ya kweli, yamefutwa. Nikaomba ruhusa ya kuung'oa ukurasa wa kumi na nne. Mama Mwenyekiti akakataa. "Ubaki," akasema. "Ongeza chini yake ulichosahau kukiona."

Kisha akauliza, kama taratibu zinavyotaka, "Mzee wangu, una la kusema?"

"Nina swali," akasema Mzee Hatibu. "Ile barua iliyoniita mwongo, huko ofisini ilipita kwa watu wangapi?"

Mama Mwenyekiti akanitazama. Nikahesabu: jopo watatu, mpiga chapa mmoja, na mimi. "Watano," nikasema.

"Na hii ya leo, itasomwa na hao hao watano?"

Mama Mwenyekiti akafungua kitabu cha sheria, akapekua mbele, akapekua nyuma. Hakikuwa na kifungu. Akakifunga. "Karani," akasema, "utawasomea. Mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Ukimaliza umwandikie mzee kwamba umemaliza."

Nilianza kesho yake. Mpiga chapa alisikiliza amesimama, akalia kidogo. Wawili wa jopo niliwakuta ofisini, mmoja akaniambia, "Si ungetupa nakala tu?" Nikamwambia amri ni kusoma. Kisha nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti changu, nikajisomea mimi mwenyewe kwa sauti, kwa sababu nami nilikuwa katika hesabu. Niliona upuuzi, lakini nilisoma mpaka sahihi.

Alibaki yule aliyekuwa mkuu wa jopo la kwanza. Alikwisha kustaafu na kuhamia bara. Nilimpigia simu siku nne hapokei. Ya tano akapokea.

"Karani, nipigie baadaye," akasema. "Nimekaa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu."

"Basi huna pa kwenda, mkubwa wangu," nikamwambia, nikaanza kusoma.